Ukingo wa Kifuniko cha Kasha: Namna ya Kuchagua Umbo na Kulikata

Ukingo wa kifuniko ndio sehemu ya kasha inayoguswa kuliko zote. Kasha likifunguliwa, vidole huanzia hapo. Mtu akilikalia, paja hulala hapo. Kitu kizito kikiburutwa juu yake, hapo ndipo mbao inapomeguka kwanza. Kwa hiyo umbo la ukingo huamuliwa na kazi, na pambo hufuata nyuma. Fundi anayeanza na pambo aliloliona kwenye kabati la mtu hupata kifuniko kinachopendeza kikiwa kimefungwa na kuudhi kila kinapofunguliwa.

Mfano utakaotumika hapa ni kasha la pwani, lile la mbao ngumu lililopigiliwa mabati na misumari ya shaba. Mengi ya makasha ya zamani yaliyomo majumbani Unguja, Pemba na Lamu yaliletwa kwa majahazi kutoka India na Ghuba, na mengine yalichongwa na mafundi wa hapa hapa. Baharia alisafiri nalo, bibi harusi aliwekea nguo na vito vyake. Kifuniko kinachozungumziwa ni bapa, cha mbao halisi, kimefungwa kwa bawaba nyuma, na unene wake ni milimita 20 hadi 25. Ubao wa inchi 1 ulionunuliwa kabla ya kupigwa randa hubaki na milimita 20 au 22 ukishasawazishwa. Vipimo vyote vihesabiwe kwa unene huo uliobaki.

Kitokezo kabla ya umbo

Kitokezo ni ile sehemu ya kifuniko inayopita nje ya ubavu wa kasha. Mbele na kando, milimita 10 hadi 20 hutosha. Kikiwa kifupi zaidi, ncha za vidole hukosa pa kushika. Kikiwa kirefu zaidi, watu hujigonga miguu, na mtoto akikiegemea kifuniko kikiwa wazi, bawaba hulegea mapema.

Nyuma mambo ni tofauti kabisa. Huko kifuniko hutakiwa kiwe sawasawa na ubao wa nyuma, bila kutokeza hata kidogo. Bawaba ya kawaida huzungukia pale kifuniko kinapokutana na ubao wa nyuma, na sehemu yoyote iliyopita nyuma ya bawaba hushuka wakati kifuniko kinapoinuka. Ikigonga ubao wa nyuma, kifuniko hukwama, na anayekilazimisha hung'oa skrubu. Bawaba pia huhitaji uso bapa wa kukalia. Ndiyo sababu ukingo wa nyuma haupewi umbo lolote zaidi ya kuvunjwa ukali wa kona. Wanaozungusha pambo pande zote nne kwa kupenda ulinganifu huligundua hilo siku ya kufunga bawaba, na siku hiyo ubao umeshakatwa.

Kasha la kufuli lina jambo jingine. Bati la komeo huning'inia kutoka kwenye kifuniko na kushuka mbele hadi kwenye tumbuu. Kitokezo kikiwa kirefu, bati hubaki hewani, mbali na tumbuu yake. Hapo ama bati lipindwe lifuate ukingo, ama kitokezo cha mbele kipunguzwe, ama sehemu ya katikati ya ukingo iachwe mraba kwa upana wa komeo na sentimita 1 zaidi kila upande. Njia ya tatu ndiyo safi kuliko zote, ila humtaka fundi awe na komeo mkononi kabla ya kuanza kukata.

Shaba na mviringo havipatani

Kona za shaba zinazovishwa kwenye pembe za kifuniko hutengenezwa kwa pembe mraba. Zikivishwa juu ya ukingo ulioviringwa hubaki pengo. Pengo hilo huweka vumbi na unyevu, na katika hewa ya chumvi ya pwani shaba huanza kugeuka kijani kutokea humo ndani, mahali kitambaa kisipofika. Kifuniko cha namna hii kina machaguo mawili tu: ukingo wa mraba uliovunjwa ukali, au umbo linalokoma kabla ya kufika kwenye pembe.

Misumari ya mapambo nayo hudai nafasi. Mstari wa misumari ukae angalau milimita 15 kutoka pale umbo linapoanzia, na kila msumari utobolewe tundu kwanza. Mstari ukisogezwa karibu zaidi, mbao iliyopunguzwa unene huweza kupasuka chini ya kichwa cha msumari.

Pale shaba inapojaa mbele na juu ya kasha, ukingo uliotulia ndio unaofaa. Pambo limeshabebwa na shaba, na ukingo wenye mikunjo mingi hushindana nayo bure.

Mbao inavyoamua

*Mninga* ni mpole kwa fundi. Hunywea kidogo, hukatika safi na hushika mikunjo midogo. Ukingo wowote kati ya maumbo yaliyotajwa chini unawezekana.

*Mtiki*, ambao wengine huuita msaji, hushika kona vizuri lakini una chembechembe zinazomaliza makali ya chuma. Patasi na randa zinolewe katikati ya kazi, si mwanzoni tu. Mafuta yake huisumbua gundi, kwa hiyo uso wa kubandikwa hufutwa kwa spiriti muda mfupi kabla ya kugundishwa.

*Mvule* na *mkongo* zina nyuzi zinazopishana: mkanda mmoja huelekea kulia na wa pili kushoto. Randa ikienda vizuri sentimita 20, ghafla huchana. Ndani ya mvule huweza pia kukutwa mawe madogo meupe yanayovunja makali. Kwa mbao hizi umbo la bapa la mshazari ni salama kuliko umbo lenye bonde, kwa sababu mchaniko kwenye bapa husawazishwa kwa msasa, ilhali ndani ya bonde haufikiki kirahisi.

*Paini* na mbao nyingine laini hubonyea kwa ukucha. Kona kali haidumu hata mwezi. Mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 5 au zaidi huficha mibonyeo ya kila siku.

Plaiwudi haipewi umbo, kwani matabaka yake hutokeza nje. Huzungushiwa ukanda wa mbao halisi, na ukanda huo ndio unaokatwa.

Katika ubao wowote, vichwa vyake, yaani ncha mbili ambako nyuzi zimekatwa, ni dhaifu kuliko pande ndefu. Kwenye upande mrefu, kijimdomo chembamba cha umbo hushikwa na nyuzi zinazokwenda nacho urefu wote. Kwenye kichwa, kijimdomo hicho hicho ni mkusanyiko wa nyuzi fupi zilizoshikana ubavu kwa ubavu, na pigo dogo huzimega. Kichwa pia hunywa vanishi na mafuta mengi zaidi, hivyo huwa cheusi kuliko pande ndefu. Umbo lililochaguliwa kwa kutazama upande wa mbele pekee limechaguliwa nusu.

Maumbo yenyewe

*Mraba uliovunjwa ukali.* Ukingo hubaki wima, kona za juu na chini huondolewa milimita 1 au 2 kwa randa ndogo au msasa uliozungushiwa kipande cha mbao. Hufaa kifuniko chenye shaba nyingi. Ukali huvunjwa hata kama fundi anapenda mraba kamili, kwa sababu vanishi hukimbia kona kali na kuiacha na ngozi nyembamba, na hapo ndipo maji huanza kuingia.

*Mshazari.* Kona ya juu hukatwa kwa digrii 45, milimita 3 hadi 6. Huu ndio ukingo wa fundi asiye na mashine: randa moja na penseli vinatosha. Mstari wake hushika mwanga wa dirisha vizuri, na ukichakaa hurudishwa kwa kupitishiwa randa mara mbili tatu.

*Mshazari wa chini.* Kona ya chini hukatwa kwa mteremko mrefu, kwa mfano milimita 10 kwenda juu na 15 kwenda ndani, kitokezo kikiruhusu. Kwa mbele kifuniko kizito huonekana chepesi, na vidole hupata mteremko wa kuingilia. Ni umbo linalosahaulika mno, nalo ndilo linalofaa makasha mengi ya nyumbani.

*Mviringo.* Kona ya juu huviringwa kwa nusu kipenyo cha milimita 3 hadi 10. Kasha linalokaliwa hupewa milimita 6 au zaidi kwenye ukingo wa mbele. Nguo hazikwami, na mguu haukatwi.

*Nusu duara.* Ukingo wote huviringwa juu na chini. Hupendeza kwenye meza, ila kwenye kasha hukosesha vidole mahali pa kushika, hasa mikono ikiwa na mafuta.

*Robo duara yenye ngazi.* Mviringo hutanguliwa na ngazi ndogo ya milimita 2 au 3 inayotoa mstari wa kivuli. Ngazi hiyo hukusanya vumbi.

*Bonde.* Mviringo ulioingia ndani. Juu ya kifuniko huacha kona mbili kali na hukusanya vanishi. Chini ya ukingo wa mbele ni mahali pake hasa: bonde la milimita 6 hadi 8 ni mpini uliofichika.

*Wimbi.* Mkunjo unaotoka na kuingia, mfano wa herufi S. Huhitaji unene wa milimita 22 au zaidi, mbao tulivu kama mninga, na mkono uliozoea. Mdomo wake wa juu usipungue milimita 3, na kwenye vichwa vya ubao 4 ni bora.

> Kipimo cha kukumbuka: ukiacha nusu duara, umbo lote, juu na chini kwa pamoja, lisile zaidi ya nusu ya unene wa kifuniko. Kwenye ubao wa milimita 20, angalau milimita 10 za ukingo wima zibaki. Mteremko mrefu wa chini peke yake unaweza kufika theluthi mbili, kwa kuwa haudhoofishi uso wa juu.

Hatua za kuchagua

1. Pima unene halisi wa kifuniko mahali pasipopungua manne. Tumia kipimo kidogo kuliko vyote.
2. Weka mezani vyuma vyote: bawaba, komeo, tumbuu, kona, mabati, misumari. Chora kwa penseli juu ya kifuniko kila mahali kitakapokaa. Panapobaki wazi ndipo umbo linapoweza kwenda.
3. Amua kitokezo cha mbele na kando. Nyuma ni sifuri.
4. Jiulize kasha litatumikaje. Likikaliwa, mviringo. Likibebwa na kuhamishwa, mshazari au mraba uliovunjwa. Likikaa chumba cha wageni bila kuguswa sana, robo duara au wimbi huvumilika.
5. Chora umbo kwa ukubwa wake halisi kwenye kichwa cha kipande cha mbao. Kwa mviringo, sarafu au kifuniko cha chupa hutosha kuwa bikari, mradi kipenyo chake kimepimwa.
6. Kata umbo hilo kwenye kipande cha majaribio cha sentimita 30 kilichotoka kwenye ubao ule ule. Likate upande mrefu na kwenye kichwa pia.
7. Lipake vanishi au mafuta yatakayotumika. Umbo lisilopakwa hudanganya, kwani kivuli chake ni hafifu.
8. Kiweke kipande juu ya kasha, mahali litakapokaa, na ukitazame kutoka mlangoni. Kasha huwa chini ya kiuno cha mtu aliyesimama, kwa hiyo uso wa juu huonekana zaidi, na mikunjo ya chini huonekana na aliyeketi tu. Katika vyumba vya kuta nene na madirisha madogo, mwanga huja wa pembeni, na mshazari wa milimita 4 huweza kuonekana wazi kuliko wimbi la milimita 12.
9. Fumba macho, inua kipande kwa vidole vya mkono mmoja. Kikiteleza, umbo la chini halijakaa sawa.

Hatua ya 6 ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kisingizio cha kuokoa mbao.

Kukata kwa randa

1. Piga mistari miwili ya penseli, mmoja kwenye uso wa juu na mmoja kwenye ukingo, kwa umbali ulioamuliwa. Mstari wa kukwaruza kwa ncha ya chuma usitumike, maana alama yake hubaki.
2. Bana kifuniko kwenye benchi la kazi, kipande cha mbao laini kikiwa chini ya kila kibano.
3. Anza na vichwa vya ubao. Piga randa kutoka kila pembe kuelekea katikati, kamwe usitoke nje ya pembe, la sivyo nyuzi za mwisho zitachanika.
4. Maliza na upande wa mbele. Mchaniko mdogo ulioachwa pembeni na hatua ya 3 huondolewa na pigo hili.
5. Kwa mviringo, kata kwanza mshazari, kisha vunja kona zake mbili mpya, kisha vunja tena. Baada ya hapo msasa namba 120 uliokunjwa juu ya mkono hukamilisha, ukifuatwa na 180.

Kukata kwa ruta

Beringi ya biti, yaani ya kile chuma cha kukatia kinachozungushwa na ruta, hutembea juu ya sehemu ya ukingo ambayo haikatwi. Sehemu hiyo iwe na milimita 3 au zaidi na iwe laini, kwani kila kibonde kilichomo hunakiliwa kwenye umbo lote. Zima umeme, chomoa waya, ndipo biti ibadilishwe.

1. Kata vichwa kwanza, kisha upande mrefu, kwa sababu ile ile iliyotajwa kwenye randa.
2. Ukingo ukikutazama, sukuma ruta kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiigeuza mwendo, biti huivuta mashine yenyewe na kukutoka mikononi.
3. Shusha biti milimita 2 au 3 kila pigo. Wimbi la milimita 9 ni mapigo matatu au manne, na la mwisho liwe jembamba mno.
4. Mwendo usisimame. Biti inayozunguka mahali pamoja huunguza mbao, na alama nyeusi kwenye kichwa cha ubao huingia ndani kuliko inavyodhaniwa.
5. Penye komeo, bana vipande viwili vya kuzuia ruta pande zote mbili, kisha malizia miisho ya umbo kwa patasi.

> Onyo: vumbi la mvule huwasha ngozi na kifua, na la mninga huwaudhi baadhi ya watu. Barakoa na miwani huvaliwa hata kwa kazi ya dakika kumi. Mikono mirefu ya kanzu au shati hukunjwa kabla ya ruta kuwashwa.

Ukanda wa kubandika

Wakati mwingine ubao hautoshi unene, na ukanda wenye umbo hubandikwa kuzunguka kifuniko. Mbele hakuna tatizo: nyuzi za ukanda na za ubao huelekea upande mmoja, gundi hupakwa urefu wote. Kando ndiko mafundi wengi wanapoharibu. Ubao huvimba na kunywea kwa upana kadiri hewa inavyobadilika kati ya masika na kiangazi, ila urefu wake haubadiliki kiasi cha kuonekana. Ukanda wa kando umelala kuukatiza upana huo. Ukigundishwa wote, ubao hukosa pa kwenda na hupasuka katikati, mara nyingi kwa mlio unaosikika usiku.

Gundi ipakwe sentimita 5 za mbele tu, karibu na pembe. Sehemu iliyobaki ishikwe kwa skrubu zinazopita ndani ya matundu marefu kutoka chini ya kitokezo, ili ubao uteleze. Nyuma ukanda huweza kupishana na ubao kwa milimita moja au mbili, kutegemea majira, na hilo si kosa.

Ukaguzi kabla ya kupaka

- Bawaba zinakaa bapa, na kifuniko kinafunguka kupita digrii 90 bila kugusa nyuma.
- Komeo linafika kwenye tumbuu bila kuvutwa.
- Kona za shaba hazina pengo.
- Kitambaa chepesi kikipitishwa ukingo mzima hakikwami popote. Kanga kuukuu hufaa kuliko kidole, kwani kidole cha fundi ni kigumu.
- Vichwa vya ubao vimepigwa msasa hatua moja laini zaidi ya pande ndefu, kwa mfano 240 badala ya 180, ili rangi zisitofautiane sana.
- Ndani ya mabonde na ngazi hamna vumbi.

Vanishi ipakwe nyembamba mara tatu, na mabonde yapanguswe kwa brashi kavu kila mara, kabla haijaganda na kuacha matone.

Ukingo ukimegeka

Kipande kilichomegeka kitafutwe sakafuni papo hapo kabla ya kufagia. Hakuna kiraka kinacholingana na kipande chenyewe. Kipakwe gundi kidogo, kirudishwe, kishikwe kwa utepe wa karatasi hadi kesho yake, ndipo kipigwe msasa. Kama kimepotea na pengo ni dogo, umbo huongezwa kina pande zote tatu hadi pengo liishe: mviringo wa milimita 5 ukawa 8, mshazari wa 4 ukawa 6, mradi kipimo cha nusu ya unene hakivukwi. Kama kingevukwa, sehemu iliyoharibika hukatwa kwa mshazari, kikabandikwa kipande cha mbao ile ile chenye nyuzi zinazoelekea upande mmoja na za ubao, kisha umbo likachongwa upya kwa patasi. Ujazo wa gundi na unga wa mbao usitumike kwenye pembe. Huonekana kama doa mara tu vanishi inapoupata, na pigo la kwanza huutoa.